Kuboha na Guheka: Historia ya Umama katika Kazi za Mikono za Kusuka na Kufuma, Bujumbura na Nyanda za Burundi

Ikisiri

Makala haya yanaitazama historia ya umama na mahusiano ya karibu nchini Burundi kupitia vitu vinavyosukwa, kufumwa na kufungwa kwa mkono, hususan kirago, kiseke, ingovyi na mbeleko. Kwa kulinganisha msamiati wa Kirundi na Kiswahili, na kwa kufuatilia mabadiliko ya malighafi kutoka ngozi na gome la mti hadi kitambaa cha kiwandani, tunadai kwamba thamani ya vitu hivi haikutegemea malighafi wala ufundi peke yake, bali ilitegemea uhusiano kati ya anayetoa na anayepokea. Kwa hiyo, makumbusho, miradi ya ufundi na sera za utamaduni zinazoorodhesha kitu bila kuorodhesha uhusiano huo hupoteza sehemu kubwa ya historia yenyewe. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo matatu yanayowahusu watafiti na washauri wa sera katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Historia ya Burundi imeandikwa zaidi kupitia ufalme, ukoloni, vyama vya siasa na vita. Hata alama ya utamaduni wake inayojulikana zaidi duniani, yaani ngoma za kifalme zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, ni alama ya dola. Ngoma ina sauti, ina uwanja na, kwa desturi, ina wanaume. Kitambaa alichobebewa mtoto mgongoni hakina sauti wala uwanja. Hutumika kila siku, huchakaa, hugeuzwa tambara, kisha hutoweka. Kwa sababu hiyo hakionekani kwa urahisi katika kabati la makumbusho wala katika nyaraka za serikali.

Swali la makala haya ni hili: je, historia ya umama inaweza kuandikwa kwa kufuata vitu hivyo vinavyochakaa? Jibu letu ni kwamba inawezekana, kwa sharti kwamba mtafiti asiishie kuuliza kitu kimetengenezwa kwa nini. Inampasa aulize pia kilitoka kwa nani, kilikwenda kwa nani, na katika tukio gani. Bujumbura ni mahali panapofaa kwa swali hilo, kwa kuwa ni mji ambamo desturi za nyanda za juu za Burundi zilikutana na desturi za Waswahili waliotoka pwani, Unyamwezi, Ujiji na Manyema, na ambamo utawala wa kikoloni ulijaribu kwa makusudi kuwafundisha wanawake namna ya kuwa mama kwa kutumia sindano na uzi.

2.0 Neno moja, kazi mbili

Tuanze na lugha. Kiswahili hutenganisha kazi za mikono kwa vitenzi mbalimbali. Mkeka na kikapu husukwa; nguo hufumwa, mshindio ukipita katikati ya nyuzi za mtande; mzigo hufungwa. Kirundi kina kitenzi kimoja, kuboha, kinachobeba maana ya kusuka au kufuma na pia maana ya kufunga. Katika shina hilohilo hutoka neno ibohero, yaani gereza, mahali pa waliofungwa. Ndugu wa lugha hii, Kinyarwanda, kina kubohora, kufungua au kukomboa. Kwa mzungumzaji wa lugha hizi, basi, tendo la kusuka halikuwa mbali na tendo la kufunga kitu kisiachane na kingine.

Jozi ya pili ya maneno ina uzito mkubwa zaidi. Guheka ni kubeba mgongoni, hasa kumbeba mtoto. Kinyume chake kisarufi ni guhekura. Katika Kiswahili, kinyume cha kufunga ni kufungua, na kinyume cha kuziba ni kuzibua. Tungetarajia guhekura imaanishe tu kumshusha mtoto. Lakini sivyo. Guhekura ni kumfanya mzazi apotelewe na mtoto wake kwa kifo. Lugha imeufanya mgongo wa mama kuwa kipimo cha uhai: mtoto aliyehekwa yuko hai, na aliyeondolewa mgongoni kwa maana hii ameondolewa duniani. Katika mazungumzo ya kisiasa ya Burundi na Rwanda kitenzi hiki hutumika pia kwa nchi nzima. Wauaji huelezwa kuwa wameihekura nchi, kana kwamba nchi ni mama.

Kiswahili nacho kimehifadhi mambo yanayofanana na hayo, ingawa kwa njia nyingine. Kubeleka ni kumbeba mtoto mgongoni, na mbeleko ni nguo ya kumbebea. Katika desturi za ndoa za Waswahili, miongoni mwa haki anazopewa mama wa bibi harusi zimo ubeleko na mkaja. Ubeleko ni kumbukumbu ya mgongo uliombeba binti. Mkaja ni kumbukumbu ya kitambaa alichojifunga mama tumboni baada ya kujifungua. Yaani siku binti anapotoka kwenda kwa mumewe, jamii hulitaja tena kwa jina tambara lililokwisha kuchakaa miaka mingi nyuma, na kulilipia. Kitu kimekwisha, lakini deni lake halijaisha. Huu ndio msingi wa hoja yetu.

3.0 Ngozi, gome na mafunjo

Kabla ya nguo za biashara kuenea, wakazi wa nyanda za juu za Burundi walivaa ngozi na nguo za gome la umuvumu, mti wa jamii ya mkuyu. Gome hilo halikufumwa. Lilibanduliwa na kupondwa mpaka likawa laini na pana. Jina lake, impuzu, limebaki katika Kirundi likimaanisha nguo kwa ujumla, hata ile iliyonunuliwa dukani. Ufumaji wa pamba kwa kitanda cha mfumi ulikuwapo katika maeneo mengine ya kanda hii. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alitaja nguo zilizotengenezwa huko na kupelekwa mpaka Misri. Na katika karne ya 19 wasafiri waliandika kuhusu wafumaji wa Unyamwezi na Ufipa. Katika nyanda za Burundi, ustadi wa nyuzi ulielekezwa zaidi katika mikeka na vikapu vya nyasi, mafunjo na nyuzi za mimea.

Mtoto alibebwa kwa ingovyi, ngozi iliyolainishwa, aghalabu ya kondoo, yenye mikanda ya kufungia. Neno hilo lilitumika vilevile kwa machela ya kumbebea mgonjwa au mtu wa heshima. Muungano huu wa maana una mantiki yake. Anayebebwa katika ingovyi, awe mtoto mchanga au mgonjwa asiyeweza kutembea, ni yule ambaye uhai wake uko mikononi mwa wenzake. Tofauti ni kwamba mtoto hubebwa na mtu mmoja, na mgonjwa hubebwa na majirani kwa zamu. Umama, kwa tafsiri hii, ni aina ya kwanza ya wajibu ambao baadaye jamii nzima huutekeleza.

Kiseke kilikuwa na kazi kama hiyo. Mwanamke anapojifungua, ndugu na majirani humwendea kwa ziara inayoitwa guhemba, wakiwa wamechukua chakula, vinywaji na zawadi nyingine, na kiseke kilichobebwa kichwani ni sehemu ya sura ya ziara hiyo. Katika harusi pia wanawake huingia kwa safu wakiwa na viseke. Kwa macho ya mgeni, hicho ni chombo chenye mapambo. Kwa mwenyeji, ni taarifa: nani amekuja, ametoka upande gani wa ukoo, na ni nani atakayepaswa kwenda kwake zamu yake itakapofika. Kusuka kiseke kabla ya tukio ni kujiandaa kuwa mtu wa kutoa. Ndiyo sababu kazi hii ilifundishwa na mama, shangazi na bibi, na kufundishwa kwake kukawa sehemu ya malezi ya msichana.

4.0 Nguo ya pwani yafika Usumbura

Merikani, pamba nyeupe iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani tangu miaka ya 1830, ilifika Ziwa Tanganyika kwa misafara kabla ya utawala wa Wajerumani. Ufalme wa Burundi chini ya Mwezi Gisabo haukufunguka mapema kwa biashara hiyo, na jaribio la Rumaliza la kuingia kutoka upande wa ziwa lilizuiwa. Hali ilibadilika pale Wajerumani walipoweka kituo chao Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, na zaidi reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, ambako bidhaa zilipakiwa katika vyombo vya ziwani. Baada ya Wabelgiji kuitwaa nchi mwaka 1916, mji uliendelea kukua, na mtaa wa Buyenzi ukawa makazi ya jamii ya Waswahili.

Pamoja na watu hao ilikuja kanga. Kanga haifumwi kwa mkono. Ni pamba ya kiwandani iliyopigwa chapa, yenye pindo, mji na jina. Hata hivyo, iliingia katika kazi zilezile za kufunga na kutoa. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, na kukatwa kwake ni kazi ya nyumbani. Kipande kimoja huvaliwa na cha pili humfunga mtoto mgongoni. Au kimoja hubaki kwa mwenyewe na kingine hupewa shoga. Doti iliyogawanywa hivyo huwafanya wanawake wawili wawe na nguo moja. Kitenge nacho kiliingia katika Kirundi kama igitenge, kikachukua nafasi ya ngozi katika kumbeba mtoto mjini na vijijini.

Mabadiliko haya yamezoeleka kuelezwa kama kifo cha ufundi wa asili. Maelezo hayo yana ukweli kwa upande wa malighafi, lakini hayatoshi. Mkono haukuondoka, ulihama kutoka kutengeneza kitu hadi kukifunga, kukikata na kukigawa. Fundo la mbeleko halifundishwi shuleni, wala halina maandishi, lakini mama asiyelijua vizuri humwangusha mtoto. Mwanamke hujifunza kwa kufungiwa na mwenzake mara ya kwanza, akiwa ameinama. Ujuzi huo wa mikono ni urithi usioshikika kama ule wa kupiga ngoma.

Sura nyingine ya historia hii ni pamba yenyewe. Bonde la Imbo, linalopakana na Bujumbura, lilifanywa eneo la kilimo cha pamba wakati wa ukoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kiwanda cha nguo cha COTEBU kilianzishwa mjini kwa msaada wa China, kikasimamisha uzalishaji katika miaka ya 2000, na mali zake zikaendelea kutumika chini ya kampuni ya Afritextile. Nguo za kiwandani zikawa na asili ya nyumbani, lakini historia ya kiwanda imehifadhiwa kwa hesabu za tani na mita, si kwa kumbukumbu za waliozifunga.

5.0 Sindano na mama mwema: Foyer Social ya Usumbura

Serikali ya kikoloni ilitambua uzito wa uhusiano kati ya uzi na umama. Kati ya mwaka 1946 na 1960 Usumbura ilikuwa na Foyer Social, shule ya mambo ya nyumbani kwa wanawake Waafrika, ambayo imechunguzwa kwa kina na mwanahistoria Nancy Rose Hunt. Wanawake walifundishwa kushona, kutia viraka, kupiga pasi, kupika na kutunza watoto wachanga, na walimu wa Kizungu waliwatembelea majumbani. Lengo lilikuwa kuunda wake wanaofaa kwa tabaka jipya la Waafrika waliosoma, na kupitia kwao familia ya mume mmoja, mke mmoja na watoto wao.

Tofauti kati ya sindano ya Foyer na sindano ya msusi wa kiseke si ya ufundi. Ni tofauti ya mtu anayeshonewa. Mwanamke wa Foyer alishona kwa ajili ya nyumba yake: nguo za mumewe, nguo za mwanawe. Mwanamke wa kiseke alisuka akimkusudia mtu wa nyumba nyingine: mzazi aliyejifungua, binti wa kaka, jirani. Kwa hiyo mafunzo yaliyoonekana kuwa ya kumwinua mama yalimfupishia pia duara la watu wake. Mama mwema, kwa kipimo cha Foyer, alikuwa yule ambaye nyumba yake ilijitosheleza.

Haimaanishi kwamba wanawake walipokea mafunzo hayo kama yalivyotolewa. Ujuzi wa kushona uliweza kuwa chanzo cha kipato, na mwanamke mwenye kipato anaweza kurudisha zawadi kwa wenzake. Isitoshe, wanawake Waislamu wa Buyenzi katika miaka ya 1950 waliipinga hadharani kodi iliyotozwa wanawake waliohesabiwa kuwa hawana mume, kodi iliyowavunjia heshima wajane na wanawake waliotalikiwa. Kisa hicho chaonyesha kwamba suala la nani ahesabiwe kuwa mke, mama au mwanamke mwenye heshima halikuwa la Wabelgiji kuliamua peke yao.

6.0 Virago na ushahidi wa nguo

Kiswahili kina nahau ya kufunga virago, kuondoka na vyote ulivyo navyo. Kirago ni neno lililo pia katika Kirundi, ikirago, mkeka wa kulalia. Kwa Warundi wengi nahau hii imekuwa historia halisi: mwaka 1972, tena baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, na tena mwaka 2015. Waliokimbilia Tanzania walijenga maisha Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na vizazi vya baadaye Nyarugusu na Nduta. Katika safari kama hiyo, kitambaa kimoja huwa mbeleko mchana, shuka usiku na paa wakati wa mvua.

Hapa ndipo thamani ya nguo kama ushahidi hudhihirika. Mwezi Februari 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza kwamba katika makaburi ya halaiki mkoani Karusi, yaliyohusishwa na mauaji ya 1972, ilipata masalia ya watu 6,032. Miongoni mwa vitu vilivyosaidia kuwatambua baadhi yao zilikuwa nguo, miwani na rozari. Mifupa haikusema majina. Nguo ziliweza kusema, baada ya karibu nusu karne ardhini. Lakini nguo haisemi yenyewe. Husema kwa sababu yuko mtu aliye hai anayekumbuka nani alishona shati lile, nani alilinunua, na siku gani lilivaliwa. Kumbukumbu hiyo aghalabu iko kwa mama, dada au mke. Anapofariki bila kuulizwa, kitambaa kinachobaki ni kitambaa tu.

Jambo hili linatuonyesha kwamba kuandika historia ya nguo za karibu si shughuli ya kupamba historia kubwa. Katika nchi ambako neno la kufiwa na mtoto limetokana na kuondolewa mzigo mgongoni, ni sehemu ya kazi ya kuwarejeshea wafu majina yao.

7.0 Kiseke sokoni

Katika miongo miwili iliyopita kazi za kusuka zimepata uhai mpya kama njia ya kipato. Rwanda ilionyesha njia baada ya 1994, viseke vya wanawake wake vilipopata soko Marekani. Mpango wa MADE51 wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, uliozinduliwa mwaka 2018, umewaunganisha mafundi wakimbizi, wakiwamo Warundi, na masoko ya kimataifa kupitia kampuni za kijamii kama WomenCraft ya Ngara, Tanzania. Faida ya miradi ya aina hii si ndogo. Mwanamke anayelipwa kwa kusuka ana ada ya shule na dawa, na vikundi vya kusuka vimewakutanisha wanawake ambao vita viliwatenganisha.

Pamoja na hayo, soko lina mahitaji yake. Linataka vipimo sawa, rangi zilizoagizwa na idadi iliyoahidiwa kwa tarehe fulani. Kiseke kinachosukwa kwa agizo hakina mpokeaji anayejulikana, kina mteja. Hatari tunayoitaja si kwamba wanawake wauze, kwa maana kuuza ni haki yao, na uhitaji hausubiri nadharia. Hatari ni kwamba taarifa za miradi na sera zitakapokuwa ndiyo kumbukumbu pekee iliyoandikwa, kizazi kijacho kitajua kiseke kiliuzwa kwa kiasi gani, kisijue kilipelekwa kwa nani pale mtoto alipozaliwa. Wahenga wa Kiswahili walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Makumbusho nayo yana upungufu unaofanana na huo, kwa asili ya kazi yao. Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, na Musée Vivant ya Bujumbura, iliyoanzishwa mwaka 1977, zina wajibu mkubwa katika kuhifadhi vitu vya asili. Lakini utaratibu wa kimakumbusho, hapa na kwingineko duniani, hupanga vitu kwa malighafi na matumizi: nyasi, ngozi, udongo, chombo cha chakula, vazi. Kwa mpangilio huo, ingovyi ya ngozi huenda upande mmoja, na kitenge kilichorithi kazi yake hakiingii kabisa, kwa kuwa ni bidhaa ya kiwandani. Mfululizo wa karne nzima wa tendo moja, guheka, hukatwa vipande.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Tumejaribu kuonyesha kwamba ngozi, gome, mafunjo, kanga na kitenge ni malighafi tofauti zilizopokezana kazi moja: kumfunga mtu kwa mwenzake. Umama katika historia hii si hali ya mwanamke mmoja na mtoto wake tu. Ni kiini cha mtandao unaowahusisha shangazi, bibi, jirani na shoga, na vitu vya kusukwa na kufungwa ndivyo vilivyokuwa maandishi ya mtandao huo.

Kutokana na hoja hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, makumbusho na miradi ya kukusanya historia simulizi iandike, kwa kila kitu cha nyumbani kinachopokewa, tukio kilipotolewa na uhusiano wa mtoaji na mpokeaji, na ikubali kupokea vitambaa vilivyochakaa, vikiwamo vya kiwandani. Pili, programu za ufundi wa wanawake, mijini na kambini, zitenge nafasi katika taarifa zao kwa matumizi ya vitu nje ya soko, na wasusi wazee walipwe kwa maarifa yao kama wanavyolipwa kwa viseke vyao. Tatu, wataalamu wa Kiswahili na Kirundi washirikiane kutayarisha kamusi ya pamoja ya msamiati wa kusuka, kufuma, kubeba na kufunga. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kiswahili cha kanda hakiwezi kuwa lugha ya watu wake kikiwa na maneno ya forodha na mikataba bila maneno ya mgongo wa mama.

Kazi hii ina muda wake. Waliobebwa kwa ingovyi za ngozi wamebaki wachache, na wanaozikumbuka nguo za waliopotea mwaka 1972 ni wazee. Kwa mtafiti, hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi: ni kwenda kwao na kuuliza nguo ilitoka kwa nani.